Baba Aliyekatwa kwa Rula

"Pole sana, mwanangu," alisema Bi Shamimu, karani wa dirisha la pili, macho yake yakiwa bado kwenye faili. "Wazazi wote wawili! Walifariki lini?"

Celia aligeuka akamtazama baba yake. Mauricio alikuwa amesimama bega kwa bega naye, kavaa shati la drafti lililopigwa pasi ya mkaa alfajiri ile, mkononi kashika mfuko wa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, ambayo mkewe Isabel aliwafungia wasije wakashinda njaa mjini. Alikuwa mzima. Alikuwa hata na jasho puani.

"Nani kafariki?" aliuliza Mauricio.

Bi Shamimu akainua macho. "Wewe ndiye Agostinho? Mlezi wake?"

"Agostinho ni shemeji yangu. Mimi Mauricio. Baba yake."

"Baba yake nani?"

"Huyu hapa," alisema Mauricio, akamshika Celia bega kama mtu anayeonyesha mzigo wake stendi.

Watu waliopanga foleni nyuma yao walianza kuguna. Wengine walicheka kwa kuziba midomo. Mauricio na Celia walikuwa wametoka kijijini kwao Kitaya saa kumi alfajiri, baba na mwana, kwa furaha kubwa. Mradi mmoja ulikuwa umetangaza nafasi ishirini za kuwasomesha wasichana wa mkoa ufundi wa umeme, miaka miwili, chakula na malazi bure, na Celia alishika nafasi ya nane kwenye usaili. Walikuja Mtwara kuchukua barua tu. Getini mlinzi aliwaandikisha kwenye daftari la wageni, na pale penye safu ya "shida" Mauricio aliandika kwa mwandiko wa madaha: kuchukua barua ya mtoto wangu. Kumbe ubaoni majina yalikuwa kumi na tisa. Jina la Celia lilikuwa chini peke yake, kwenye karatasi nyingine yenye kichwa cha habari "Yatima", na maelezo yake yalisema alete vyeti vya vifo vya wazazi kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Bi Shamimu aliigeuza fomu ili waione. Ilikuwa ya Kiingereza, kama mambo mengi ya maana yanavyokuwa. Palikuwa na maneno mawili yamewekwa pamoja, Parent na Guardian, na chini yake maelekezo: kata lisilohusika. Neno Parent lilikuwa limekatwa kwa wino wa bluu, mstari umenyooka kama kamba ya nanga.

"Nani kakata hapa?"

"Mimi," alisema Celia kwa sauti ndogo.

Mauricio akakohoa. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli mara nyingi humponza. "Mimi nilishika rula," alisema.

*

Ni kweli, aliishika. Tena aliishika vizuri, kwa vidole viwili, taa ya sola ikimulika meza, ukoo mzima wa Isabel ukitazama. Mwezi mmoja nyuma fomu ilipofika, aliitwa Mwalimu Josephu, ambaye kwa Kiingereza Kitaya nzima haina mwingine. Josephu alivaa miwani, akasoma, akatafsiri. Parent ni mzazi, alisema. Guardian ni mlezi, msimamizi, mtu mwenye kauli ya mwisho juu ya mtoto. Sasa hapa wanataka mmoja.

Hakuna aliyefikiri mara mbili. Mwenye kauli ya mwisho juu ya mtoto ni mjomba. Huyo ndiye aliyesimama Celia alipotoka unyagoni, huyo ndiye atakayeulizwa siku ya posa. Watoto ni wa ukoo wa mama, na Mauricio mwenyewe alioa akahamia kwa wakwe, akapewa shamba la kulima kando ya Ruvuma, na tangu siku hiyo, jambo lolote la watoto alipoulizwa alijibu, "Kamwambieni mjomba wenu." Basi likakatwa neno la baba, likabaki la mjomba, na watu wakanywa togwa. Kila nyumba pale kijijini ingefanya vivyo hivyo, na ingeona imefanya jambo la adabu.

"Sikiliza, kaka," Bi Shamimu alisema sasa, sauti yake imeshuka kidogo. "Mwalimu wenu hakukosea neno. Amekosea mahali pake. Kwenye karatasi hizi, guardian ni yule anayebaki wazazi wakishaondoka. Ukikata Parent, umetuambia kaburi lipo."

"Lakini mimi nipo."

"Nakuona. Faili ndilo halikuoni." Alitazama kalenda. "Huyo mjomba aje mwenyewe na barua ya mwenyekiti wa kijiji, aseme anajitoa. Wewe uweke sahihi kwenye fomu mpya. Ijumaa saa tisa nafunga. Msipofika, nafasi anapewa wa ishirini na moja, na huyo ananipigia simu kila siku kuniuliza kama kuna aliyekufa."

"Marehemu," sauti ilitoka kwenye foleni, "sogea kidogo na sisi tulio hai tuhudumiwe."

Kicheko kikapasuka. Mauricio alijaribu kucheka nao, mdomo ukakataa. Mtu anaweza kuzoea kuitwa maskini, lakini kuitwa marehemu mbele ya bintiye ni jambo jingine.

*

Nje ya geti, kwenye kibanda cha steshenari, kijana mmoja mwenye kompyuta na feni alikuwa ameshanusa shida yao. Vijana wa namna hiyo hawaulizi habari, habari huwafuata.

"Mzee, vyeti vya vifo? Baba na mama, elfu hamsini vyote viwili. Kesho mchana vipo, na muhuri."

"Baba ni mimi," alisema Mauricio.

"Hamna tabu. Unataka ufe kwa nini? Wengi huwa wanachagua malaria."

Celia alitaka kucheka, akaona uso wa baba yake, akaacha. Mauricio alikuwa anafikiri kweli. Kufa kwa karatasi ni jambo la siku moja, na hakuna atakayejua. Kwenda kwa Agostinho na kumwambia ajitoe ni jambo la miaka. Agostinho tangu siku ya fomu hakuwa Agostinho tena. Pale penye kahawa alijiita Gadiani. Alikuwa amenunua kofia mpya kwa ajili ya cheo hicho, na watu walimwamkia, "Shikamoo, Gadiani," naye aliitikia kwa kichwa tu, kama mkuu wa wilaya.

"Siku ukiolewa nitakaa wapi?" Mauricio alimuuliza binti yake ghafla.

"Utakaa mbele, baba."

"Marehemu hakai mbele."

"Basi twende nyumbani," alisema Celia, akamshika mkono. "Sitaki umeme wa kusomeshwa na kaburi lako. Tukamwombe mjomba."

Kijana wa steshenari akapunguza hadi elfu arobaini, lakini walikuwa wameshavuka barabara.

*

Isabel aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akawaka.

"Na mimi? Mimi nami nimekufa? Aliyeniua mimi ni nani?"

"Mwalimu Josephu," alisema Mauricio, ambaye kwa mara ya kwanza siku hiyo alipata mtu wa kumtupia lawama.

Mwalimu Josephu aliitwa, akaja na kamusi yake kwapani, akafungua ukurasa na kuwaonyesha kwamba hakukosea. Mlezi, imeandikwa. Msimamizi, imeandikwa. Isabel akamwambia kamusi hiyo haikuzaliwa Kitaya wala mjini haijafika. Mzee wa watu akaivua miwani, akaifuta kwa shati. Alikuwa ameumia, miaka thelathini na moja ya kufundisha, na bado neno moja linaweza kumtia aibu.

"Nitalipa deni langu," alisema. "Nitakuwa mshenga."

"Mshenga wa nini?" Celia aliuliza. "Nani anaoa?"

"Baba yako anakwenda kukuposa," alisema Josephu, "uwe mtoto wake."

*

Asubuhi ya Alhamisi walikwenda kama inavyotakiwa. Josephu mbele, Mauricio nyuma hatua tatu, na Isabel akabaki njiani nyuma ya mbaazi, mahali ambapo kwa adabu hayupo lakini kwa masikio yupo. Walibeba unga kwenye kikapu na kuku mmoja. Agostinho alikuwa uani anasuka mgono wa kutegea samaki, kofia mpya kichwani. Aliwaona tangu mbali, akaendelea kusuka.

"Hodi hapa."

"Karibuni. Naona kuku. Mmekuja kuposa?"

"Tumekuja kuposa," alisema Josephu, akakaa jamvini.

"Nina mwali mmoja tu, mpwa wangu. Na huyo anakwenda chuo, mimi ndiye gadiani wake."

"Ndiye huyohuyo tunamtaka."

"Muoaji ni nani?"

Josephu akajikuna shingo. "Haolewi. Tunaomba awe mtoto wa baba yake."

Agostinho aliweka chini ukindu. "Kwani alikuwa wa nani?"

"Wako."

"Ni wangu."

"Ndiyo maana tumekuja na kuku."

Josephu akaeleza yote, dirisha la pili, vyeti vya vifo, Ijumaa saa tisa. Agostinho alisikiliza huku uso ukizidi kubana. Josephu alipofika kwenye neno "kujitoa", Agostinho alisimama.

"Nijitoe! Mimi nimesimama mbele za watu pale kahawani nikasema huyu mtoto yuko mikononi mwangu. Wamenicheka? Hawakunicheka. Wamenisalimu. Sasa nirudi niwaambie nini? Kwamba serikali imenifuta?"

"Hawakufuti, mzee, ni karatasi..."

"Karatasi ndiyo hiyo iliyonipa!"

Hapo Mauricio akafanya jambo ambalo mposaji hafanyi: alifungua mdomo mwenyewe.

"Shemeji," alisema, "rula niliishika mimi. Sikuona vibaya, kwa sababu ilikuwa kweli. Wewe ndiye mwenye kauli. Miaka kumi na tisa sijawahi kukubishia, na leo sikubishii. Lakini yule mama alipompa mtoto wangu pole kwa kifo changu, mimi nikiwa nimesimama pale na ming'oko mkononi, niliumia, shemeji. Niliumia sana. Huyu mtoto nimembeba mgongoni mafuriko yalipoingia shambani. Kila kitabu chake kimetoka kwenye mpunga wangu. Sijawahi kuona jina langu mahali popote karibu na jina lake. Nataka nilione. Mara moja tu. Halafu posa, harusi, mjukuu, vyote vyako."

Aliangalia vidole vya miguu yake. Kuku alilia kikapuni. Nyuma ya mbaazi mtu alikuwa anafuta kamasi kwa kanga.

Agostinho alikaa polepole. Alimtazama shemeji yake kama mtu aliyeishi na mlango miaka yote na leo ndiyo anauona umefunguliwa.

"Miaka kumi na tisa," alisema, "hujawahi kuniomba kitu kwa mdomo wako. Kila kitu unatuma mke. Nikadhani hunipendi."

"Nilikuwa nakuogopa."

"Unaniogopa mimi?" Agostinho akaanza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni, kikaitikisa kofia. "Josephu, umesikia? Ananiogopa!" Kisha akachungulia kikapuni. "Lakini kuku huyu mdogo."

"Chukua hivyohivyo, kaka!" Isabel alipaza sauti toka kwenye mbaazi. "Ndiye mkubwa tuliyenaye!"

Wakacheka wote, hata Josephu. Agostinho akapokea kuku. Alipoulizwa habari ya barua ya mwenyekiti alikubali, ila kwa sharti lake moja.

"Mtoto hatolewi kwa barua. Mtoto hutolewa kwa mkono. Nitakwenda mwenyewe, na nitasema maneno yake palepale dirishani, na watanisikiliza."

*

Ijumaa waliondoka wanne: Agostinho, Mauricio, Isabel na Celia. Mwalimu Josephu alitoa rula yake ya mbao ya darasani, ile yenye alama za wino za vizazi vitatu, akamkabidhi Celia.

Gari walilopanda lilipakua magunia ya mihogo kila kituo, na kila gunia lilikuwa na mwenyewe anayegombania nafasi yake. Walifika mjini saa nane kasoro. Ofisi ilikuwa tupu. Watu walikuwa wamekwenda swala ya Ijumaa. Walikaa kwenye benchi, Isabel akihesabu dakika kwenye simu ya Celia, Agostinho akiyapitia maneno yake kwa midomo. Saa nane na nusu ndipo madirisha yakafunguliwa, na mbele yao tayari palikuwa na watu kumi na mmoja.

Walipofika dirishani zilikuwa zimebaki dakika saba.

"Marehemu umerudi," alisema Bi Shamimu, na safari hii alitabasamu. "Na huyu?"

"Mimi ni mama," alisema Isabel. "Marehemu wa pili."

Bi Shamimu alipokea barua, akaisoma, akatoa fomu mpya. Agostinho akavua kofia.

"Kabla ya karatasi, mama, kuna maneno."

"Mzee, saa tisa kasoro dakika tano."

"Kuna maneno."

Karani alimtazama. Alitazama saa ya ukutani. Kisha akaweka kalamu chini. "Kwetu Newala," alisema, "mahari yangu alipokea mjomba, na baba yangu alikaa nje na wageni. Sema, mzee. Lakini sema upesi."

Agostinho alikuwa ameandaa hotuba inayoanzia kwa bibi yake ng'ambo ya Ruvuma. Alifungua mdomo, na yote ikampotea. Akamshika Celia mkono wa kulia, akauweka katika mkono wa Mauricio, akaifunika mikono yote miwili kwa kiganja chake kilichojaa michubuko ya ukindu.

"Mtoto huyu hapa," alisema. "Mlee."

Kisha mama mmoja aliyesubiri kule nyuma, ambaye hakuwajua kabisa, akapiga kigelegele, Isabel akamwitikia, na vigelegele vikajaa ofisi ya serikali saa tisa kasoro dakika tatu.

"Haya, haya, fomu!" alisema Bi Shamimu, akipepesa macho haraka.

Yalikuwa maneno yaleyale mawili, Parent na Guardian. Celia akachukua kalamu. Akaweka rula ya Mwalimu, ikateleza.

"Lete," alisema Agostinho. Akaishika rula kwa vidole vyake viwili vinene, akaiweka sawasawa katikati ya neno lake. "Kata. Nyoosha, mpwa wangu, usinikate vibaya."

Celia akakata. Mauricio akaandika jina lake kwa herufi kubwa, akichukua muda wake kwa kila moja, Bi Shamimu akiwa ameshainua muhuri hewani tangu herufi ya pili. Uhusiano: baba. Muhuri ukashuka. Kisha ikatoka barua ya chuo, ikiwa na jina la Celia na, chini yake, jina la Mauricio. Alilisoma mara mbili, akampa mkewe alisome.

"Na mimi niweke wapi?" aliuliza Agostinho, kalamu tayari mkononi.

Bi Shamimu aliipitia fomu mbele na nyuma. "Hapa hakuna pa mjomba, mzee," alisema kwa upole. "Sikutengeneza mimi."

"Haidhuru," alisema Agostinho. Akavaa kofia yake. Ilikuwa imekaa upande kidogo, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Walitoka nje juani, Celia mbele na barua yake, Isabel akimpigia simu Mwalimu Josephu na kupiga kelele kiasi kwamba simu haikuhitajika. Walipofika getini mlinzi aliwazuia.

"Wazee, wakati wa kuingia mlikimbia. Hamjajaza daftari vizuri. Hapa penye shida hapana kitu."

Agostinho aliinama juu ya daftari. Alishika kalamu, akafikiri, akaanza kuandika. Safu ilikuwa nyembamba, maneno yakapanda juu, yakashuka, yakavamia nafasi ya mgeni mwingine. Alipomaliza aliweka sahihi kubwa yenye mkia, sahihi ambayo fomu ilikuwa imeikosa. Mlinzi akasoma kwa sauti:

"Nimekuja kumkabidhi mtoto wangu kwa baba yake." Akamtazama. "Hii ndiyo shida, mzee?"

"Ndiyo hiyo. Piga na muhuri kama unao."

Mauricio alikuwa amesimama nyuma yake, amesikia. Alinyoosha mkono, akaomba kalamu. Jina lake lilikuwa mstari wa chini, na nafasi yake ya shida ilikuwa bado tupu. Akaandika neno moja tu.

Kumpokea.